Nani Huamrisha Jeshi la Watu Zaidi ya Milioni? Jibu kwa Msomaji wa Likoni

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Nilikuwa kwenye feri nikielekea mjini nilipoiona manowari ya India ikiingia Kilindini, mabaharia wamejipanga kwenye sitaha kwa mavazi meupe. Mzee aliyekuwa kando yangu akasema nchi hiyo ina askari zaidi ya milioni moja. Tangu siku hiyo najiuliza: askari wote hao huamrishwa na nani, wamepangwa vipi, hufanya kazi gani wakati hakuna vita, na kwa nini jeshi kubwa namna hiyo halijawahi kuipindua serikali yake?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo manne kwa pumzi moja, na nimefurahi kwamba hukuyatenganisha, kwa sababu yote yana mzizi mmoja: namna jeshi linavyopangwa wakati wa amani ndiyo inayoamua ni nani atakayeweza kuliamrisha, litapigana vizuri kiasi gani, na kama litabaki kambini siasa zinapochafuka. India ilipopata uhuru mwaka 1947, viongozi wake waliamua kwa makusudi kwamba asiwepo mtu hata mmoja mwenye sare awezaye kulinyanyua jeshi lote kwa neno lake. Uamuzi huo umeilinda serikali ya raia hadi leo. Umewagharimu pia katika uwanja wa vita, na mabadiliko mengi unayoyasikia huko siku hizi ni jitihada ya kupunguza gharama hiyo bila kuupoteza ulinzi wenyewe.

Tuanze juu. Katiba ya India, katika kifungu cha 53, inamkabidhi Rais wa nchi amri kuu ya majeshi, lakini papo hapo inasema kwamba amri hiyo itatumika kwa mujibu wa sheria, na Rais wa India hutenda kwa ushauri wa mawaziri. Kwa hiyo mwenye kauli ya vita na amani ni Waziri Mkuu pamoja na kamati ya mawaziri inayoshughulikia usalama. Chini yao ipo Wizara ya Ulinzi, yenye waziri wake na makatibu wengi ambao ni watumishi wa umma wasiokuwa wanajeshi; na fedha zote, kuanzia mshahara wa kuruta hadi bei ya nyambizi, lazima zipitishwe na Bunge. Silaha za nyuklia zina mlango wao peke yao: tangu 2003 ni baraza la kisiasa linaloongozwa na Waziri Mkuu tu ndilo linaloweza kuruhusu zitumike, na msimamo uliotangazwa ni kwamba India haitakuwa ya kwanza kuzitumia.

Chini ya wizara yako majeshi matatu: la nchi kavu, lenye askari wapatao milioni 1.2; la wanahewa, lenye watu 140,000 hivi; na la wanamaji, lenye watu 70,000 hivi. Kila moja lina mkuu wake, na wakuu hao watatu ni sawa kwa cheo. Jeshi la nchi kavu limegawanywa katika kamandi sita za kimaeneo, zenye makao Udhampur, Chandimandir, Jaipur, Lucknow, Kolkata na Pune, pamoja na moja ya mafunzo iliyoko Shimla. Wanahewa nao wana kamandi saba, tano za mapigano, moja ya mafunzo na moja ya matengenezo. Wanamaji wana tatu: ya magharibi huko Mumbai, ya mashariki huko Visakhapatnam, na ya kusini huko Kochi, ambayo kazi yake kubwa ni kufunza. Jumla ni kamandi 17, na hapa nakuomba utulie kidogo. Anayelinda upande wa mashariki kwa ardhi anakaa Kolkata, anayeulinda kwa ndege anakaa Shillong, na anayeulinda kwa meli anakaa Visakhapatnam, mamia ya kilomita mbali. Hakuna kati yao anayeweza kumwamrisha mwenzake. Nahodha wa manowari uliyoiona hupokea amri kutoka kwa kamanda wa kundi lake la meli, huyo kutoka kwa admirali wa kamandi, huyo kutoka kwa Mkuu wa Wanamaji, na huyo hujibu kwa Waziri wa Ulinzi. Katika mnyororo huo wote hamna jenerali hata mmoja wa nchi kavu.

Ukishuka hadi kwa askari wa kawaida, mpango unafanana na wa majeshi mengi yaliyolelewa na Waingereza, letu likiwemo. Askari kumi hivi ni seksheni. Seksheni tatu ni platuni. Platuni kadhaa ni kombania. Kombania kadhaa ni batalioni, ambayo huwa na watu wapatao 800 chini ya kanali. Batalioni tatu na vikosi vyake vya msaada ni brigedi. Brigedi kadhaa ni divisheni. Kinachowatofautisha Wahindi ni kwamba batalioni nyingi bado ni za rejimenti za zamani zenye majina ya jamii au maeneo, kama Sikh, Madras, Gurkha na Kumaon, na askari huapa kuilinda Katiba ilhali moyoni hupigania jina la rejimenti yake. Kati ya afisa na askari lipo tabaka la maafisa wadogo waliopanda kutoka chini, wanaoitwa subedar, na bila hao batalioni haiendi. Sisi tunaosema Kiswahili tuna udugu na tabaka hilo pasipo kujua: neno letu jemadari ndilo lililokuwa cheo cha chini kabisa miongoni mwa maafisa wenyeji katika jeshi la India la enzi ya Mwingereza. Huku kwetu likapanda hadi kuwa jina la mkuu wa vita.

Usidhani watu hao milioni wote hushika bunduki mstari wa mbele. Wengi ni madereva, wahandisi, matabibu, mafundi, wapishi, watu wa mawasiliano na watunza ghala. Mtu wa Mombasa anaweza kulielewa hili kwa kwenda tu Fort Jesus. Waarabu wa Oman waliizingira ngome ile ya Wareno tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na kuta zake hazikubomolewa kwa mizinga. Waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi na upungufu wa kila kitu, huku macho yao yakitazama baharini kungoja msaada kutoka Goa, makao ya Wareno huko India, ambao kwa mara ya mwisho ulifika ngome ikiwa imekwisha kutekwa. Jeshi ni tumbo na njia ya kulifikia tumbo hilo, na katika milima ya kaskazini mwa India, ambako askari hukaa mahali palipo juu kuliko kilele cha Mlima Kenya, sehemu kubwa ya kazi ya mwaka mzima ni kupeleka mafuta ya taa, chakula na risasi kabla ya theluji kufunga barabara.

Sasa nije kwenye swali lako la mapinduzi, ambalo kwangu ndilo kiini cha yote. Wako watu husema kwamba majenerali wa India ni wapole kwa asili. Siamini hivyo, kwa sababu historia imetupa kipimo ambacho ni nadra kukipata. Mwaka 1947 jeshi moja liligawanywa sehemu mbili: takriban theluthi mbili zikaenda India na theluthi moja Pakistan. Maafisa walikuwa wamesoma vyuo vilevile, wamekula meza moja, wamepigana Burma na Afrika Kaskazini bega kwa bega. Upande wa Pakistan jeshi lilitwaa serikali mwaka 1958, tena 1977, tena 1999. Upande wa India halijatwaa hata mara moja. Kama ni tabia ya maafisa, tofauti hiyo ingetoka wapi?

Sehemu ya jibu ni siasa yenyewe. India ilikuwa na chama kilichojengeka hadi vijijini, na Katiba yake ilianza kutumika tarehe 26 Januari 1950, wakati Pakistan ilikaa hadi 1956 ndipo ikapata ya kwanza. Panapokuwa na serikali inayosimama kwa miguu yake, askari hana pengo la kuingilia. Lakini sehemu nyingine ni mpangilio, na huo ulifanywa kwa hatua ndogondogo ambazo ukizitazama moja moja hazionekani kuwa na maana. Chini ya Waingereza, Kamanda Mkuu wa majeshi alikuwa mtu wa pili kwa ukubwa nchini baada ya mwakilishi wa mfalme, na jumba lake mjini Delhi lilitangaza ukubwa huo. Baada ya uhuru jumba hilohilo likawa makazi ya Waziri Mkuu Nehru. Mwaka 1955 cheo chenyewe cha Kamanda Mkuu kilifutwa, na badala yake wakawepo wakuu watatu waliolingana. Jenerali Cariappa, Mhindi wa kwanza kuliongoza jeshi la nchi kavu kuanzia tarehe 15 Januari 1949, alipostaafu mwaka 1953 alipelekwa kuiwakilisha nchi yake Australia na New Zealand, mbali na siasa za nyumbani. Serikali ilijenga pia vikosi vikubwa vya ulinzi vilivyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, kama kile cha mipakani kilichoundwa 1965, ili kila ghasia isiwe sababu ya kuwaita wanajeshi. Pia uajiri, ambao Mwingereza baada ya uasi wa 1857 aliuelekeza kwa jamii chache alizoziita za kivita, hasa za Punjab, ulipanuliwa polepole ili maafisa wa juu watoke pande mbalimbali. Jambo hili la mwisho Wakenya tumeliandika katika Katiba yetu, kifungu cha 241, kinachotaka uongozi wa majeshi uakisi maeneo na makabila ya nchi; na sisi tulioishi asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, wanahewa walipotangaza redioni kwamba wameipindua serikali na askari wa nchi kavu wakawazima, hatuhitaji kuelezwa kwa nini si vyema nguvu zote zikae mkono mmoja.

Gharama yake ni ipi? Wazee wa pwani walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Mwaka 1962 China ilipovuka milima, ndege za kivita za India hazikutumwa kushambulia; zilizoruka zilibeba mizigo na majeruhi, na jeshi la nchi kavu lilishindwa peke yake. Mwaka 1971 mambo yalikwenda vizuri ajabu: vita vilivyoanza tarehe 3 Desemba vilimalizika tarehe 16 kwa kujisalimisha kwa majeshi ya Pakistan mjini Dhaka, mateka wapatao 93,000 wakachukuliwa, Bangladesh ikazaliwa, na boti za makombora za wanamaji zilikuwa zimekwisha kuishambulia Karachi. Ila ushindi ule ulitokana na miezi ya maandalizi na wakuu waliosikilizana, chini ya Jenerali Manekshaw, mkuu wa jeshi la nchi kavu, aliyekuwa na kauli kubwa kuliko cheo chake cha sheria. Maelewano ya watu hayarithiwi. Mwaka 1999 askari wa Pakistan walipokamata vilele vya Kargil, katika milima ya kaskazini mwa India, jeshi la nchi kavu la India liliomba helikopta za mashambulizi, wanahewa wakajibu kwamba helikopta hizo hazifai kwa mwinuko ule na kwamba ruhusa lazima itoke kwa serikali, na ndege zikaanza kushambulia tarehe 26 Mei, wiki kadhaa baada ya wavamizi kugunduliwa. Zaidi ya askari 500 wa India walikufa katika vita vile. Siwezi kusema ni wangapi wangepona kama majeshi mawili yangezungumza mapema, lakini serikali yenyewe iliona aibu ya jambo hilo ikaunda kamati.

Kutokana na mapitio ya kamati hiyo, mwaka 2001 kilianzishwa kikosi cha makao makuu ya pamoja, na kamandi ya kwanza ya majeshi yote matatu ikawekwa katika visiwa vya Andaman na Nicobar. Lakini lile pendekezo kubwa zaidi, la kuwa na Mkuu mmoja wa Majeshi, lilikaa kabatini karibu miaka 20, kwa kuwa wanasiasa waliliogopa, na wanahewa na wanamaji nao waliogopa kumezwa na ndugu yao mkubwa. Hatimaye Jenerali Bipin Rawat alikishika cheo hicho tarehe 1 Januari 2020. Alifariki katika ajali ya helikopta Desemba 2021, na mrithi wake, Jenerali Anil Chauhan, akateuliwa Septemba mwaka uliofuata. Tazama sasa walivyokikata cheo chenyewe: mkuu huyo ni mshauri wa kwanza wa waziri katika mambo ya majeshi yote, ni mwenyekiti wa kudumu wa kamati ya wakuu, na anaongoza idara ndani ya wizara, lakini cheo hicho kilipoundwa kilinyimwa amri ya vikosi, na ule woga wa 1955 haujafa. Hatua inayojadiliwa tangu hapo ni kuziunganisha zile kamandi 17 ziwe chache za pamoja, ambapo kamanda mmoja atakuwa na ndege, meli na askari wa eneo lake. Sheria ya mwaka 2023 imekwisha kuwapa makamanda wa taasisi za pamoja uwezo wa kumwadhibu askari wa jeshi lolote aliye chini yao, na ingawa jambo hilo linaonekana dogo, bila hilo kamanda wa pamoja ni mgeni katika kambi yake mwenyewe.

Faida ya kushirikiana imeonekana karibu na bahari yetu. Tangu mwisho wa 2008 manowari za India zimekuwa zikifanya doria katika Ghuba ya Aden dhidi ya maharamia, na bandari kama Kilindini inajua bei ya bima ya meli ilivyopanda miaka ile. Machi 2024 meli ya mizigo iitwayo Ruen, iliyokuwa imetekwa miezi mitatu kabla, iliokolewa baada ya operesheni ya takriban saa 40: manowari iliizuia, na ndege kubwa ya wanahewa ikaruka kutoka India ikawadondosha makomando wa majini kwa miavuli pamoja na boti zao. Mabaharia 17 walitoka wazima na maharamia 35 wakajisalimisha. Hilo lisingewezekana kwa jeshi moja peke yake.

Hizo ndizo kazi za wakati usio na vita ulizoziuliza, na si hizo tu. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, meli za wanamaji wa India zilikuwa miongoni mwa za kwanza kufika na kuokoa watu. India ni mojawapo ya nchi zilizotoa askari wengi zaidi kwa ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa, na brigedi yake ilihudumu Somalia kati ya 1993 na 1994. Aprili 2025 iliandaa pamoja na Tanzania mazoezi ya baharini Dar es Salaam, yaliyoyakutanisha majeshi ya wanamaji ya nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo. Ziara kama ile uliyoiona ni sehemu ya kazi hiyo: kujuana na bandari, kufunza mabaharia vijana, na kuonyesha bendera katika bahari ambayo China nayo inaiwania. Nchi haitumi manowari mbali hivyo kwa mapenzi matupu, wala si kosa kwake kuwa na maslahi.

Iko kazi moja ambayo sitaisifu. Sheria ya mwaka 1958 inawapa wanajeshi wa India, katika maeneo yaliyotangazwa kuwa na machafuko, uwezo wa kupiga risasi, kupekua na kukamata, na askari hawezi kushtakiwa mahakamani bila idhini ya serikali kuu. Imetumika kwa miongo mingi katika majimbo ya kaskazini-mashariki, na nyingine inayofanana nayo imetumika Kashmir tangu 1990. Kamati iliyoongozwa na jaji mstaafu ilipendekeza mwaka 2005 ifutwe, haikufutwa. Desemba 2021 wanajeshi huko Nagaland waliwapiga risasi wachimba makaa ya mawe waliokuwa wakirudi nyumbani, wakidhani ni waasi, na hadi ghasia zilipotulia raia 14 walikuwa wamekufa. Baada ya hapo eneo la sheria hiyo lilipunguzwa. Jeshi lililofunzwa kumwangamiza adui halipaswi kukabidhiwa mtaa wa raia kwa miaka, hata likiwa na nidhamu ya namna gani, na hapa ule mpango mzuri wa Delhi unavuja: umewazuia majenerali wasiitawale serikali, lakini haukumlinda mwanakijiji dhidi ya serikali inayowatuma.

Ndiyo maana, mwanangu, ningependa usome kifungu chetu cha 241 hadi mwisho wake. Majeshi ya Kenya yakisaidia wakati wa maafa, ni lazima Bunge la Taifa lipewe taarifa. Yakipelekwa kurudisha amani sehemu ya nchi yenye machafuko, ni lazima Bunge liidhinishe, na tuliliona jambo hilo likitekelezwa kwa haraka Juni 2024. Sisi tuna Mkuu mmoja wa Majeshi na Baraza la Ulinzi ambalo mwenyekiti wake ni waziri, na walinzi wetu wa pwani waliundwa mwaka 2018 chini ya usalama wa ndani, tofauti na wa India ambao tangu sheria ya 1978 wako chini ya ulinzi. Makao makuu ya wanamaji wetu yako Mtongwe, upande wako wa kivuko.